Pauni 172, pauni 152 au pauni 84? Kwa nini makadirio ya kuokoa umeme na gesi Uingereza hayapatani

Mwishoni mwa Aprili 2025 jirani yangu hapa Leicester aliniita kwake asubuhi, akiwa ndiyo kwanza ametoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi. Ni mtu mzima, namwita shangazi. Mezani alikuwa na bahasha kuukuu, na mgongoni mwa bahasha ameandika kwa wino mwekundu namba tatu: 172, 152, 84. Kila moja ilikuwa pauni ambazo angeokoa kwa mwaka kama angehamia mpango mmoja wa umeme na gesi ambao wiki nzima alikuwa akiutafakari. Mpango ni ule ule, kampuni ni ile ile, nyumba ni ile ile. Namba ya kwanza ilitoka kwenye tovuti ya kulinganisha bei, ya pili kwenye tangazo la mpango wenyewe, ya tatu kwenye tovuti nyingine.

"Mwanangu," akaniuliza, "kati ya hawa nani mwongo?"

Hakuna aliyekuwa mwongo. Tulikaa na bili zake mpaka chai ikapoa, na tulipomaliza tulikuwa na namba nyingine za kuongeza kwenye ile bahasha, mbili zikiwa hasara. Nimeona watu wengi wakifika hapo alipofika shangazi kisha wakakata tamaa, wakabaki kwenye bei ya juu miaka nenda rudi kwa sababu hawajui waamini lipi. Hilo linaniuma, maana hesabu yenyewe ni ya darasa la tano. Kinachoifanya iwe ngumu ni kwamba tovuti hukupa jibu la kutoa bila kukuonyesha ni namba gani imetolewa kwenye namba gani.

Ukisema "utaokoa pauni 100", maana yake kuna namba mbili: ile ambayo ungelipa usipohama, na ile utakayolipa ukihama. Ya pili ni nyepesi kuipata, kwa kuwa bei za mpango mpya zimeandikwa. Ya kwanza ndiyo yenye mambo. Kila anayekokotoa ana wazo lake juu ya maisha ambayo ungeishi usipofanya kitu, na wazo hilo huwa haliandikwi popote kwa herufi kubwa.

Soko lilivyo

Aliyezoea LUKU, umeme wa kulipia kabla wa Tanzania, atashangaa kidogo. Nyumbani Tanzania mteja hachagui kampuni. Unanunua uniti kwa shirika la umeme, TANESCO, bei imepangwa na mdhibiti, EWURA, na tangu agizo la bei la 2016 hesabu ni fupi: mteja wa D1, kundi la matumizi madogo, analipa shilingi 100 kwa kila uniti hadi ya 75 na shilingi 350 kwa zinazozidi, wa T1, kundi la matumizi ya kawaida, analipa shilingi 292, kisha kodi na tozo juu yake. Ukijua kundi lako na uniti zako, jibu ni moja.

Uingereza umeme unaopita kwenye waya ni ule ule, ila kampuni nyingi zinashindana kukuuzia, na kila moja ina mipango kadhaa. Mpango una bei nne kwa anayetumia umeme na gesi: bei ya uniti (kWh) ya umeme, bei ya uniti ya gesi, na ada ya kila siku kwa kila kimoja, ambayo unalipa hata ukisafiri mwezi mzima na kuzima kila kitu. Kuna mikataba ya bei isiyobadilika, kwa kawaida mwaka mmoja au miwili. Asiye na mkataba anaangukia bei ya kawaida ya kampuni, na hiyo ndiyo inayowekewa ukomo na Ofgem, mdhibiti wa umeme na gesi wa England, Scotland na Wales. Ukomo huo ulianza tarehe 1 Januari 2019. Mwanzoni ulikuwa unabadilishwa mara mbili kwa mwaka. Tangu Oktoba 2022 unabadilishwa kila baada ya miezi mitatu.

Hapa ndipo mkanganyiko wa kwanza unapozaliwa. Habari za wakati ule zilisema "ukomo wa bei ni pauni 1,849", na watu wakaelewa kwamba hakuna atakayelipa zaidi ya hapo. Ukomo hauwekwi kwenye bili. Unawekwa kwenye uniti na kwenye ada ya siku. Kuanzia Aprili hadi Juni 2025, kwa wastani wa nchi, kwa anayekatwa benki kila mwezi, uniti ya umeme ilikuwa peni 27.03 na ada ya siku peni 53.80; uniti ya gesi peni 6.99 na ada ya siku peni 32.67, kodi ya asilimia 5 ikiwa ndani. Pauni 1,849 ni bei hizo zikizidishwa kwa nyumba ya mfano ambayo Ofgem ilikuwa ikiitumia wakati huo: uniti 2,700 za umeme na 11,500 za gesi kwa mwaka. Ukitumia zaidi utalipa zaidi. Ukitumia kidogo utalipa kidogo.

Na hata hiyo nyumba ya mfano si ya milele. Kabla ya Oktoba 2023 ilikuwa uniti 2,900 za umeme na 12,000 za gesi. Anayechukua ukomo wa mwaka 2022 na kuulinganisha na wa 2025 bila kukumbuka hilo anapima nguo mbili kwa futi mbili tofauti.

Bili ya shangazi

Tulianza na swali ambalo tovuti zote mbili zilimuuliza na hakulijibu sawasawa: unatumia uniti ngapi kwa mwaka? Ukishindwa kujibu, tovuti haikuachi hivi hivi. Inakuuliza mna vyumba vingapi, mnaishi wangapi, kisha inakuwekea namba ya kukisia. Nyingine inakuuliza unalipa kiasi gani kwa mwezi. Nyingine inakuwekea ile nyumba ya mfano ya Ofgem kimya kimya.

Bili yake ya gesi ilikuwa na mstari unaosomeka hivi: mita za ujazo 58, kisha pembeni uniti 651. Alikuwa ameshawahi kuandika 58 kwenye fomu akidhani ndizo uniti. Si kosa lake, karatasi yenyewe imeandikwa kwa maandishi ya kusomea kwa tochi. Mita ya gesi hupima ujazo. Kampuni huzidisha kwa kiasi cha joto kilichomo kwenye gesi ili kupata uniti, na mita moja ya ujazo hutoa kama uniti 11.2. Kwa mita za zamani zinazopima kwa futi za ujazo tofauti ni kubwa zaidi. Ukichanganya vipimo hivi, makadirio yote yanayofuata ni bure.

Kosa jingine ninaloliona sana ni la majira. Mtu anachukua bili ya Januari, anazidisha kwa 12. Nyumba yenye bomba za kupasha joto inaweza kutumia uniti 1,300 za gesi Januari na isifike 150 Julai. Ukizidisha Januari kwa 12 unapata 15,600, na akiba utakayoahidiwa nayo itavimba karibu mara mbili.

Tukatafuta ukurasa wenye matumizi ya miezi 12. Kampuni huuweka, ila mara nyingi ukurasa wa pili au nyuma. Shangazi alitumia uniti 2,100 za umeme na 8,000 za gesi. Anaishi na binti yake, na mchana analala. Nyumba ya mfano si nyumba yake.

Kisha tukaandika bei. Mkataba wake wa wakati ule ulikuwa peni 23.5 kwa uniti ya umeme, ada ya siku peni 50, gesi peni 5.9 na ada ya siku peni 30. Mkataba ulikuwa unaisha 30 Juni. Mpango mpya ulikuwa peni 24.8 na 52 kwa umeme, peni 6.3 na 31 kwa gesi.

Kwa uniti zake, mkataba aliokuwa nao ni pauni 1,257.50 kwa mwaka. Mpango mpya ni pauni 1,327.75. Umeona? Mpango mpya ni ghali zaidi kwa pauni 70 kuliko aliokuwa nao, na tovuti mbili na tangazo vyote vinamwambia ataokoa.

Sasa tukazifuata namba zake moja baada ya nyingine.

172 ilitoka kwenye makato ya benki. Tovuti ilimuuliza analipa kiasi gani kwa mwezi, akajibu pauni 125, ambazo kwa mwaka ni 1,500. Toa 1,327.75, unabaki na 172. Lakini pauni 125 haikuwa gharama ya umeme na gesi aliyotumia. Makato ya mwezi ni makisio ya kampuni, yanayopangwa ili kiangazi ujilimbikizie kidogo na baridi ikija usipigwe na bili kubwa. Wakati mwingine yanabeba deni la nyuma, wakati mwingine yanazidi tu na hakuna anayesema. Alikuwa analipa 1,500 kwa matumizi ya 1,257. Ile namba kubwa kuliko zote, iliyomfanya asilale, ilikuwa inamwahidi sehemu ya hela yake mwenyewe iliyokwishakaa kwenye akaunti ya kampuni.

152 ilikuwa ya nyumba ya mfano. Chukua uniti 2,700 na 11,500, zidisha kwa ukomo wa Aprili, unapata 1,849. Zidisha kwa bei za mpango mpya, unapata 1,697. Tofauti ni 152. Ni hesabu sahihi ya familia isiyokuwapo. Kwa uniti za shangazi mwenyewe, ukomo ule ungekuwa pauni 1,442 na tofauti pauni 115.

84 ndiyo iliyokuwa karibu na ukweli. Tovuti ile ilijua mkataba wake unaisha 30 Juni. Ikahesabu miezi miwili, Mei na Juni, kwa bei ya mkataba, na miezi kumi iliyobaki kwa bei ya kawaida chini ya ukomo, kwa kuwa ndiko angeangukia kama asingefanya chochote. Jumla ni pauni 1,412 hivi. Toa mpango mpya: 84.

Ungekuwa wapi usipohama?

Njia hiyo ya 84 ina historia. Miaka ya 2010 Ofgem iliweka fomula rasmi ya kukadiria gharama ya mteja kwa miezi 12 ijayo: mkataba mpaka unapoishia, kisha bei ya kawaida ya kampuni kwa muda uliobaki. Mantiki yake ni nzuri, maana watu wengi kweli huacha mkataba ukafa na kuteleza kwenye bei ya kawaida. Mamlaka ya ushindani ya Uingereza, CMA, ilipochunguza soko hili na kutoa ripoti yake Juni 2016, ilikuta karibu asilimia 70 ya wateja wa majumbani wa kampuni sita kubwa wako kwenye bei ya kawaida, na kwamba kati ya 2012 na 2015 wateja walikuwa wakilipa kwa wastani pauni bilioni 1.4 zaidi kwa mwaka kuliko ambavyo wangelipa soko lingekuwa na ushindani wa kweli. Ule ukomo wa 2019 ulikuja kwa sheria ya 2018 iliyotungwa baada ya mambo hayo.

Tatizo la fomula ni kwa mtu makini. Kuna mtu ambaye kila mwaka mkataba ukiisha anatafuta mwingine. Kwake, akiambiwa "utaokoa 84", hesabu imemchukulia kwamba angezembea miezi kumi, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Yeye anataka kujua kama mpango huu ni bora kuliko mwingine atakaoupata Julai. Na hapo jibu linaweza kuwa pauni tano, au sifuri. Fomula ile haipo tena kama amri, ila mantiki yake imebaki kwenye tovuti nyingi, na nyingine zimeiacha, kwa hiyo tovuti mbili zikipewa bili ile ile zinatoa namba mbili na zote zina hoja.

Vipi ile hasara ya 70? Nayo ni kweli: mpango mpya ni ghali kuliko mkataba wake. Lakini mkataba ule ulikuwa na miezi miwili tu ya kuishi, hakuna mwaka mzima wa kuulinganisha nao. Kazi ya namba ile ni moja, kukuonya usiondoke mapema.

Na kuondoka mapema kulikuwa na bei yake. Mkataba wa shangazi ulikuwa na faini ya kuuvunja, pauni 50 kwa umeme na 50 kwa gesi. Hakuna hata moja ya zile namba tatu iliyoihesabu. Toa 100 kwenye 84: anapoteza 16. Tovuti nyingine huuliza kama una faini, nyingine huandika chini kabisa kwamba "haijajumuishwa", maneno ambayo mtu aliyekesha kazini hawezi kuyafikia.

Bahati nzuri sheria inamlinda. Siku 49 za mwisho za mkataba, kampuni hairuhusiwi kukutoza faini hiyo. Tukahesabu nyuma kutoka 30 Juni kwenye kalenda ya ukutani, ile ya msikiti yenye tarehe za Kiislamu pembeni, tukafika 12 Mei. Akaizungushia duara.

Ukomo nao hausimami

Kuna jambo moja ambalo hata 84 haikuliona, nalo ndilo gumu kwa wote, tovuti, Ofgem na mimi. Ile miezi kumi ya bei ya kawaida ilihesabiwa kwa ukomo wa Aprili kana kwamba ungebaki pale mwaka mzima. Haukubaki. Kwa nyumba ya mfano ulishuka kutoka 1,849 hadi 1,720 Julai 2025, ukapanda hadi 1,755 Oktoba, na 1,758 Januari 2026.

Nimerudia hesabu ya shangazi kwa kila ukomo huo, kwa uniti zake. Bei za Julai zingemgharimu pauni 1,343 kwa mwaka, za Oktoba 1,377, za Januari 1,384. Ukilinganisha na mpango mpya wa 1,327.75, akiba ni 15, kisha 49, kisha 56. Kwa wastani wa vipindi hivyo vitatu ni karibu pauni 40 kwa mwaka. Kwa kipimo hicho zile 172 zilizoandikwa kwa wino mwekundu zilikuwa kama 40 tu, ila Aprili hakuna aliyekuwa na namna ya kuijua 40.

Lakini kukadiria kulikuwa kunawezekana. Cornwall Insight, kampuni ya uchambuzi wa soko la nishati, hutoa makisio ya ukomo ujao mara kwa mara, na magazeti huyachapisha. Hayalengi kila mara, ila ukisikia ukomo unatarajiwa kushuka, ujue kila akiba inayopimwa kwa ukomo wa leo imevimba. Ukitarajiwa kupanda, imesinyaa. Tovuti nyingi hupima kwa ukomo wa leo kwa sababu ndio ulio rasmi, na siwalaumu sana kwa hilo. Ningependa tu waliandike jambo hilo pembeni ya namba yenyewe, si kwenye maelezo ya kubofya.

Pia tuwe wakweli kuhusu mkataba wa bei isiyobadilika. Hata ukikuokolea pauni 15 tu, umenunua kitu kingine, yaani kujua bei haitaruka. Aliyekuwa hapa baridi ya 2022 anajua thamani ya hilo. Mwaka ule bei zilipanda mpaka serikali ikaingilia kati Oktoba na kushikilia bili ya nyumba ya mfano kwenye pauni 2,500. Usalama huo hauonekani kwenye safu ya "utaokoa". Shangazi ana mshahara wa kuhesabu. Kwake ulikuwa na uzito kuliko pauni 20 za huku au kule.

Mambo madogo yanayozidisha tofauti

Nchi imegawanywa kanda 14 za usambazaji wa umeme, na bei hutofautiana. Ada ya siku ya umeme London ni ya chini. Wales ya kaskazini na eneo la Liverpool ni ya juu. Bei nilizozitaja za ukomo ni wastani wa nchi. Ndiyo maana binamu yako wa Liverpool na wewe uliye London mnaweza kuangalia mpango wenye jina moja na mkapata akiba mbili. Namna ya kulipa nayo hubadilisha bei: kukatwa benki, kulipa ukipokea bili, au mita ya kulipia kabla kama LUKU. Ukibofya chaguo lisilo lako, namba inayotoka si yako.

Kuna "punguzo la asilimia 10". Karibu kila mara ninapolisoma kwa makini nakuta ni la uniti tu. Ada ya siku haiguswi, na ada hizo mbili kwa ukomo wa Aprili 2025 zilifika pauni 315 kwa mwaka. Kwa shangazi, asilimia 10 ya uniti ingekuwa pauni 113, ambayo ni chini ya asilimia 8 ya bili nzima. Kadiri unavyotumia kidogo ndivyo punguzo la namna hii linavyopungua maana.

Neno "hadi", kama katika "okoa hadi pauni 400", hulihusu kundi dogo la walionufaika zaidi. Lipite.

Tovuti za kulinganisha hupata kamisheni kutoka kwa kampuni unayohamia. Si siri, na Ofgem ina mwongozo wa hiari ambao tovuti zilizokubaliwa huufuata ili zisipendelee kampuni yoyote. Lakini kuna swichi moja ndogo kwenye ukurasa wa matokeo: onyesha mipango yote, au ile tu unayoweza kuhamia kupitia hapa. Mara nyingi iko kwenye ya pili. Tovuti mbili zikiwa na orodha mbili, "mpango bora" nao huwa miwili.

Mipango ya saa ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi, hasa kwa watu wetu wengi wanaofanya kazi za zamu. Ipo ya zamani, yenye saa saba za usiku kwa bei ya chini na mchana kwa bei ya juu, na ipo mipya inayotegemea mita janja (smart meter), ambayo bei hubadilika hata kila nusu saa. Hapa namba moja ya mwaka haitoshi kabisa, kwa kuwa swali si unatumia kiasi gani tu, ni lini. Chukua mfano wa peni 30 mchana na peni 14 usiku, dhidi ya mpango wa peni 25 saa zote, kwa uniti 2,100. Tovuti ikidhani asilimia 40 ya umeme wako unapita usiku, itakuambia unaokoa pauni 29. Ikiwa kweli ni asilimia 15, unapoteza pauni 55. Mpaka wa faida na hasara uko kwenye asilimia 31.

Shangazi alidhani mpango wa usiku unamfaa kwa sababu yeye ni mtu wa usiku. Lakini usiku hayupo nyumbani! Anafua akirudi asubuhi, anapika mchana kabla ya kulala, na binti yake anatumia umeme jioni. Usiku kwake kuna jokofu na ruta tu. Mita janja ingeweza kumwambia hilo kwa nusu saa nusu saa, na kampuni inalazimika kukupa takwimu hizo ukiziomba. Usiingie mpango wa saa kabla ya kuziona.

Alichofanya

Tulifuta bahasha, kwa maana ya kuigeuza upande wa pili. Tukaandika vitu vinne tu: uniti 2,100, uniti 8,000, tarehe 30 Juni, na pauni 1,412, ambayo ndiyo angelipa kwa miezi 12 bila kufanya kitu kwa bei zilizojulikana siku ile. Nikamwambia akiingia tovuti yoyote aweke zile uniti, apuuze safu ya "utaokoa", aangalie safu ya gharama ya mwaka, atoe mwenyewe kwa kikokotoo cha simu. Tovuti mbili zilizokuwa zimempa 172 na 84 zilipopewa uniti hizo zilimpa gharama ya mpango mpya karibu sawa kabisa, zikitofautiana kwa senti.

Alisubiri. Mei 12 ilipopita akawa huru na faini. Mwishoni mwa Mei Ofgem ikatangaza ukomo wa Julai, wa chini, tukarudia kutoa: 15 badala ya 115. Akafikiri siku mbili, akachukua mkataba kwa ajili ya utulivu, uanze 1 Julai.

Kampuni ya zamani ikamletea bili ya mwisho baada ya wiki tatu. Alikuwa amelipa pauni 1,500 kwa mwaka, ametumia 1,257.50, na tofauti ya pauni 242.50 ikarudi benki siku chache baadaye. Alinipigia kuniuliza kama ndizo zile pauni alizoahidiwa na tovuti. Nikamwambia hapana shangazi, hizo zilikuwa zako siku zote. Kwenye mkataba mpya amepanga makato ya pauni 111 kwa mwezi, na kila mwisho wa mwezi anapiga picha ya mita zote mbili na kunitumia.